Ndoo Upande wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda hospitali kutibiwa mgongo, nimerudi na kazi ya shule. Daftari hili nimepewa na mtaalamu wa fiziotherapia, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi pembeni. Amri yake ni kwamba kila siku niandike maumivu yangu kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi, pamoja na nilichofanya. Nikamwuliza sindano iko wapi. Hana. Mkanda wa kiuno? Hana. Dawa ya kuchua?

"Fundi, hapa nina kitanda, kiti na mikono miwili. Tuanze na hivyo."

Nimesubiri kwenye benchi saa mbili na nusu, watu kumi na tisa mbele yangu. Ndani nimekaa nusu saa, na nusu ya hiyo nusu ni maswali. Nalala upande gani? Nikipiga chafya inauma wapi? Mkojo naweza kuubana? Nina miaka arobaini na sita, naulizwa habari za mkojo na mwanamke nisiyemjua, na pazia lenyewe halifiki chini. Benchi zima sasa linajua mkojo wangu hauna tatizo.

Basi niandike yote, maana amesema asiyeandika asirudi. Siku kumi na moja zilizopita nilikuwa ukumbi wa chuo cha ualimu, naweka mstari wa sita wa vigae. Nilipotaka kuinuka kutoka magotini, kiuno kikakataa. Kitu kama umeme kikashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kifundo. Nilibebwa na watu watatu kama mlango. Daktari wa mifupa akatazama picha, akasema hakuna mfupa uliovunjika, ila kuna mahali pamevimba pakabana mshipa wa fahamu, na kwamba wengi hupona bila kisu. Akaniandikia nije kwa huyu mama.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilianza na mwiko wa kuazima, na kwa miaka ishirini na miwili nimeweka vigae vilivyoitwa vya watu wengine. Huu ukumbi ndio mkataba wangu wa kwanza wenye jina langu. Mita 25 kwa 16. Vigae vya kawaida 2,400, na katikati nyota ya vipande 144 niliyoichora mwenyewe. Makabidhiano ni tarehe 30 Mei. Nisipoweza kupiga goti mpaka wakati huo, mkuu wa chuo atampa nyota yangu fundi mwingine.

Maumivu: 8. Haya, nimeandika.

Jumanne, 4 Machi

Maumivu 8. Mvua. Nimetembea dakika tano barazani mara tatu, kama nilivyoagizwa. Jirani ameniuliza nimepoteza nini.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi matatu. La kwanza, kulala chali, magoti juu, na kuyaangusha pole pole kushoto na kulia. La pili, kuinua makalio kutoka sakafuni. La tatu, kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko. Kila moja mara kumi, asubuhi na jioni. Kumi! Mtu aliyefika nilipofika mimi hakufika kwa kufanya kumi. Nimefanya arobaini. Tatu zidisha arobaini ni mia moja na ishirini, asubuhi peke yake. Jioni nimerudia. Nitapona wiki moja badala ya nne.

Alhamisi, 6 Machi

9. Mke wangu amenivisha soksi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefika kliniki nimekunjika. Yule mama akachukua daftari, akasoma, akavua miwani.

"Arobaini?"

"Nilitaka kuwahi."

"Fundi, ukiambiwa saruji ikae siku tatu kabla ya kukanyagwa, unaikanyaga siku ya kwanza ili uwahi?"

Nikakubali kwamba haikanyagwi. Lakini swali lenyewe lilikuwa la kihuni, kunipiga kwa mwiko wangu mwenyewe.

"Sasa sikiliza. Mimi sitakupa tena namba ya kufikia. Nakupa namba ya kutozidi. Nane. Ukifanya tisa, umefeli."

"Na nikifanya saba?"

"Umefaulu vizuri zaidi."

Njiani nimemwita Bi Taratibu, kwa sababu neno hilo amelitamka mara kumi na nne katika dakika ishirini na tano. Nimehesabu.

Jumatatu, 10 Machi

7. Nane, nane, nane. Nimefaulu.

Nimepelekwa ukumbini, nikakaa kwenye kiti kama bibi harusi, nikimtazama shemeji yangu akifanya kazi. Huyu ni mdogo wake mke wangu, miaka thelathini na nne, niliyemchukua kwa sababu dada yake aliniomba. Si mkorofi, ila anapenda kusimama. Akimaliza kipande cha kazi, anaweka mwiko chini, anainuka, anashika kiuno, anajinyoosha kwa nyuma, kisha anakwenda mlangoni kutazama mvua. Leo nimempima kwa saa. Kila dakika ishirini, tatu ni za mlangoni. Kwa saa nane ni dakika sabini na mbili. Saa moja nzima na dakika kumi na mbili, anatazama maji yakianguka!

"Shemeji, hiyo mvua ina nini usichokijua?"

"Naiangalia tu, shemeji, isije ikaniingilia huku nyuma."

Wapaka rangi wawili wakacheka. Nilifura, lakini mtu aliyekaa kwenye kiti na mto mgongoni hana sura ya kumtisha mtu.

Ijumaa, 14 Machi

6. Benchi, saa moja na dakika arobaini. Nimekaa na mzee aliyeendesha malori miaka thelathini na tatu, kila mtu hapa anamwita Breki kwa sababu akiinuka anasimamia hewani kidogo kabla ya kuendelea. Nikamlalamikia: wiki mbili sasa, Bi Taratibu hajanigusa mgongo zaidi ya dakika kumi.

"Mimi huu ni mwezi wangu wa nne hapa," akasema. "Nilikuja na magongo mawili."

"Yako wapi?"

"Moja nimempa jirani. Jingine tunazuilia mlango wa banda la kuku."

Jumatano, 19 Machi

5. Nimeanza kupima mwenyewe kwa futi yangu ya chuma: nikiinama miguu imenyooka, vidole vya mkono viko sentimita ngapi kutoka sakafuni. Leo 47. Nimemwonyesha Bi Taratibu. Nilidhani atanicheka. Akaichukua ile futi, akapima tena upya yeye mwenyewe, akasema, "Arobaini na sita na nusu," akaandika kwenye faili langu. Tangu nizaliwe sijawahi kurekebishwa nusu sentimita na mtu ambaye si fundi.

Alhamisi, 20 Machi

5. Mvua ya mawe.

Ijumaa, 21 Machi

5. Sentimita 44. Maumivu ya mguuni yamepanda juu, sasa yanaishia gotini. Nikasema, basi yanahama, yanakuja tumboni. Akatabasamu, mara ya kwanza. "Yakirudi nyumbani kwao kiunoni, ujue yanafunga virago."

Jumanne, 25 Machi

Nilijua tu. Hakuna cha bure.

Karibu na mlango wa chumba chake pana shimo ambapo vigae kumi na vinne vilibanduka zamani, watu wanapita wakijikwaa. Leo ananiambia, bila kupepesa macho: "Ijumaa njoo na mwiko, ndoo na magoti yako ya mpira. Gundi na vigae viko stoo ya hospitali. Nataka nikuone ukifanya kazi."

Kuniona! Miaka ishirini na miwili watu wanataka "kuniona" nikifanya kazi. Kuna mchungaji wa nafsi za watu aliyetaka kuniona sebuleni kwake, mita za mraba thelathini na mbili, mpaka leo ananiombea tu.

"Mgongo wangu je?" nikauliza.

"Dakika kumi na tano. Nitakuwa pale pale."

Mke wangu anasema niende, asiyetaka kusaidiwa na mtu asiende kwa watu. Nimemwambia yeye haoni hesabu ilivyo. Akasema, "Baba watoto, mwezi huu ni mama huyo ndiye aliyekuinua, mimi nilikuvisha soksi tu. Nenda."

4.

Ijumaa, 28 Machi

Niandike leo leo, kabla sijaanza kujitetea.

Nimefika saa nne na zana zangu. Niliamua moyoni: nitaweka vigae sita, nitashika kiuno, nitasema inauma, nitaondoka. Bi Taratibu akaliweka pazia kando ili kuwe na mwanga, akaketi kwenye kigoda kifupi pembeni yangu na karatasi juu ya paja. Benchi zima likageuka kutazama, Breki mbele yao kama refa.

Nikapiga goti. Kiuno kililalamika kidogo, kikanyamaza. Nikaweka ndoo mahali pake, nikaanza. Sitajisifu, ila mikono haikuwa imesahau. Gundi, kigae, nyundo ya mpira, pimamaji. Gundi, kigae, nyundo. Kila baada ya muda nasikia kalamu yake, krii, krii, anachora vijistari. Nikadhani anahesabu vigae ili aone kama nitamaliza shimo lake.

Kigae cha nane akasema, "Hapo hapo. Usiinuke. Fundi, mbona ndoo iko kule?"

Nikatazama. Ndoo ilikuwa kushoto kwangu, nyuma kidogo ya nyonga, vigae na nyundo kando yake.

"Ndoo inakaa kushoto," nikasema.

"Na mwiko umeushika mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kwa hiyo kila ukitaka gundi, mkono wa kulia unavuka mwili wote mpaka nyuma kushoto. Kiuno kinauma kipande gani?"

 Kila mtu kwenye benchi alijua, kwa sababu ya lile pazia.

"Tangu lini inakaa kushoto?"

"Tangu nianze."

"Nani alikufundisha?"

Hapo nikajibu kwa kichwa juu, kama ninavyojibu siku zote. Kwamba sikufundishwa. Kwamba kulikuwa na fundi mmoja akiweka vigae kwenye benki iliyokuwa ikijengwa, mimi nikiuza maji nje, na kila mchana nilisimama dirishani nikamwiba kwa macho: anavyoshika mwiko, anavyopiga goti, kila kitu kinakaa wapi. Miezi mitatu. Sikukosea hata kimoja.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu, kama anauliza saa: "Huyo fundi, alikuwa akitumia mkono gani?"

Nikafumba macho nimwone. Dirisha, vumbi, shati lake la buluu. Mwiko.

Mkono wa kushoto.

Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Nilijua! Siku zote nimejua, hata nimewahi kuwasimulia watu kama kichekesho, fundi wa mashoto aliyekuwa na kasi ya ajabu. Nikageuza mwiko ukaja kulia, kwa sababu mkono wangu ni wa kulia. Ndoo nikaiacha kwake.

 Kisha Breki akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, akashika mbavu, "Jamani, mgongo ni wangu, msinichekeshe," na wengine wote wakamfuata. Bi Taratibu hakucheka. Aliniletea karatasi yake. Vigae vinane, vijistari ishirini na vinne. Mara tatu kila kigae: gundi, kigae chenyewe, nyundo.

"Wewe ndiye mtu wa hesabu," akasema. "Unaweka vigae vingapi kwa siku?"

Mia moja. Mara tatu ni mia tatu. Siku mia mbili na themanini kwa mwaka, maana huwa sipumziki hovyo, ni elfu themanini na nne. Mara miaka ishirini na miwili. Nilipiga hesabu kwa kidole juu ya gundi mbichi, mbele yao wote: 1,848,000. Milioni moja, laki nane na elfu arobaini na nane, zote upande mmoja. Ningekuwa skrubu ningekuwa nimetokea upande wa pili wa dunia.

Mimi ninayejua idadi ya vigae katika kila nyumba niliyoingia. Mimi niliyempima shemeji dakika za mlangoni. Sikuwahi kuhesabu hicho.

"Sasa nimeuharibu kabisa?" Sauti ilinitoka ndogo.

"Hapana. Mgongo umeumbwa ugeuke, kugeuka si sumu. Ila umeugeuza upande mmoja tu, umechoka, na hujawahi kuuacha upumzike. Tutaupa kazi nyingine." Akavuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akaweka ndoo juu yake, mbele yangu upande wa kulia, urefu wa mkono. "Weka vinne."

Nikaweka vinne. Nilikuwa kama mtu anayekula kwa mkono asiouzoea: mara mbili nilitia mwiko hewani, kushoto, ambako hakuna kitu. Lakini kiuno kilikaa kimya. Kimya cha kweli.

Vikabaki viwili. Nikanyoosha mkono.

"Acha, Fundi. Kumi na tano zimetimia."

"Mama, viwili tu."

"Fundi wa hospitali anakuja Jumatatu, ana orodha yake. Mimi nilikuitia mgongo. Sakafu haikuwa shida yangu."

Nikamtazama, na yale yote niliyoandika Jumanne yakanirudia. Nikasema sitoki pale na vigae viwili vinanizomea. Tukakubaliana niinuke, nizunguke uwanja wa hospitali dakika tano kwa mwavuli wake, kisha nirudi. Nilizunguka. Nikarudi, nikamaliza. Mwavuli ni wa maua ya zambarau. Sijali.

3.

Jumamosi, 29 Machi

3. Yule "mtaalamu" wa kichwani mwangu, niliyedhani anakula nusu saa zangu bure, nimemfuta. Huyu mama anaona watu thelathini na mmoja kwa siku, nimewahesabu, kitanda kimoja. Paa likivuja anasogeza kitanda, hasogezi jina la mtu kwenye foleni.

Jumatatu, 31 Machi

3. Nikiwa ukumbini nimemtazama shemeji kwa jicho jingine. Amesimama, ameshika kiuno, amejinyoosha nyuma, mlangoni. Nikamwuliza kama amewahi kuumwa mgongo.

"Mimi? Hapana. Uniume kwa sababu gani?"

Nikachukua kalamu. Kwa siku yeye anaweka vigae 96. Mimi katika ubora wangu, 100. Zile dakika sabini na mbili zote nilizompigia kelele zimetugharimu vigae vinne. Nimekaa na hesabu hiyo mpaka chakula cha mchana. Sijamwambia.

Ijumaa, 4 Aprili

3. Sentimita 31.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua siku ya nne mfululizo, gundi haikauki. 4. Nimenuna.

Jumatano, 16 Aprili

Vigae 2,400 vimekwisha. Nimepita na rula ya mita mbili, kila mstari, nikisimama na kupumzika kama nilivyofundishwa. Vya kubandua ni vitatu. Vitatu tu, na kimoja ni changu, kutoka mstari wa sita. Nimemwambia shemeji, "Si mbaya." Akamtazama dada yake aliyekuja na chai, wakacheka wote wawili. Kumbe "si mbaya" yangu wanaijua thamani yake.

Katikati pamebaki mraba mtupu wa mita nne kwa nne.

Alhamisi, 17 Aprili

Mkuu wa chuo amekuja na viatu vya matope, akasimama ukingoni mwa ule mraba. "Fundi, pole sana na mgongo. Nyota lini?"

"Tarehe 5 Mei naanza."

"Usipoanza tarehe 5, tarehe 6 kuna mtu mwingine. Usinielewe vibaya. Nina mahafali."

Nilimwelewa vizuri. 4, bila kufanya lolote.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimempelekea Bi Taratibu mchoro wa nyota. Akautandaza kitandani, akauangalia kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama michoro ya mafundi. Akauliza kipande kipi huanza, kipi kina uzito, wapi lazima niiname kabisa. Kisha tukapanga, yeye akitaja, mimi nikiandika: siku ya kwanza dakika kumi za goti na tano za kutembea, mara nne tu. Kila siku ya pili tunaongeza dakika mbili, hadi ishirini, hapo tunakoma. Magoti yote mawili chini, au goti moja kwa zamu. Ndoo juu ya kreti. Nikaigawanya kwa vipande 144: itatimia Mei 28, siku mbili kabla.

"Na nikiona naweza zaidi?"

 Alinitazama tu juu ya miwani.

"Kumi ni kumi," nikasema.

Jumanne, 22 Aprili

2. Leo nimefika mapema, nikamwona akimfundisha bibi mmoja kuinuka kutoka kwenye kiti. Dakika ishirini nzima kwa jambo hilo moja. Miguu nyuma kidogo, kifua mbele, pua ivuke vidole vya miguu, sasa sukuma. Mara ya sita bibi akasimama mwenyewe, akakaa tena makusudi, akasimama tena, akakaa, akasimama. Mwanawe analia mlangoni. Bi Taratibu kazi yake ilikuwa kusimama nusu hatua kando yake, mikono wazi, bila kumgusa. Nimeona mafundi wengi wanaojua kushika. Anayejua kuacha kushika sijamwona kabla ya huyu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza nyota. Dakika arobaini za kazi kwa siku nzima, vipande vitatu. Nina aibu na furaha kwa kiasi sawa. 2.

Jumanne, 6 Mei

2. Vinne. Mkono bado unatafuta ndoo kushoto. Shemeji kila akiona anaimba, "Haipo, haipo."

Jumatatu, 12 Mei

2. Jumla vipande 46. Tuko mbele ya hesabu.

Jumatano, 14 Mei

Saa tisa alasiri. Kipande cha 61. Sikuzidisha, Mungu shahidi, sikuzidisha hata dakika. Nilinyoosha mkono kuchukua kipande chenye ncha, na kiuno kikakaza, kile kile, pale pale, umeme ukashuka mpaka pajani. Nikalala ubavu juu ya nyota yangu. Mvua inapiga bati, na mimi nasikia mahafali, nasikia viatu vya mtu mwingine vikiingia. Nilisema kwa sauti, "Basi. Imekwisha." Miezi miwili na nusu ya nane, nane, nane, imekwisha.

Shemeji hakuninyanyua. Alipiga simu kliniki, akaniwekea sikioni. Nyuma ya sauti ya Bi Taratibu nikasikia benchi, watoto, bati lao na mvua yao.

"Fundi. Mguu una ganzi?"

"Hapana."

"Simamisha vidole vya miguu vikuelekee. Vinakuja?"

"Vinakuja."

"Mkojo?"

Wapaka rangi walikuwa wamesimama ngazini. "Mzima!" nikapiga kelele. "Mkojo mzima!"

"Vizuri. Sikiliza. Kuuma si kuharibika. Mgongo wako umeshtuka, na wewe umeshtuka, mmoja amtulize mwenzake. Kunja magoti, yaangushe pole pole kushoto, kulia. Mara nane. Kisha uinuke kwa kupitia magotini, utembee. Leo usiweke kipande kingine. Kesho uweke viwili."

"Kesho? Niweke?"

"Viwili. Vitatu umefeli."

Nilifanya nane. Niliinuka. Shemeji akatembea pamoja nami kuzunguka ukumbi, si mbele wala nyuma, begani kwa bega. Raundi ni mita 82. Tulipiga kumi na nne, ni zaidi ya kilomita moja na robo mbili kidogo, hapana, ni mita 1,148, nimechoka. Raundi ya tisa akasema, "Shemeji, nikuambie kitu? Baba yetu alikuwa mpasua mawe. Alijikunja akiwa na miaka hamsini, hakunyooka mpaka tunamzika. Ndiyo maana mimi nasimama."

Miaka sita nafanya kazi na mtu huyu. Miaka sita nampima kwa saa.

"Endelea kusimama," nikamwambia. Halafu, kwa sababu haikutosha: "Nilikosea."

Jioni 6. Sijaogopa kuiandika.

Alhamisi, 15 Mei

5. Viwili.

Ijumaa, 16 Mei

4. Viwili. Nimemwomba shemeji aanze ncha ya pili ya nyota upande wake. Nilidhani kumwambia kutaniuma zaidi ya kiuno. Hakukuniuma.

Jumanne, 20 Mei

2. Mvua imepungua. Yeye sita, mimi vitano.

Ijumaa, 23 Mei

Sentimita 9. Bi Taratibu akapima, akaandika, akalifunga faili, akasema nisirudi.

"Ijumaa ijayo?"

"Usirudi, Fundi. Umemaliza."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba nyota haijakwisha, kwamba bado ni 2 na si sifuri, kwamba kwa hesabu yangu nilistahili angalau mara mbili zaidi. Akaniuliza mara hizo mbili ningefanya nini. Nikataja mazoezi. Ni nani atakayenihesabia? Mimi. Nikiumwa nitafanya nini kwanza? Nikataja. Ndoo? Nikataja. Nikawa nataja yote, moja baada ya jingine, mpaka nikasikia ninachokisema.

"Unaona," akasema. "Na kuna mtu nje, amekaa saa mbili."

Nilimwambia kwamba katika maisha yangu kila nilichokijua nilikiiba dirishani, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kunifundisha kitu akijua ananifundisha. Nilikuwa nimekipanga vizuri zaidi, kikatoka hivyo. Akasafisha miwani yake muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Breki kutoka kwenye benchi akapaza sauti, "Fundi, toka basi, wengine tuna migongo!"

Jumatano, 28 Mei

Jua. Nyota imekwisha saa saba na dakika kumi mchana. Vipande 144: vyangu 97, vya shemeji 47. Nimekagua pale ncha zake zinapokutana na zangu, nimepitisha ukucha, haukunasa mahali. Mkuu wa chuo amekuja, amevua viatu mwenyewe bila kuambiwa, akatembea mpaka katikati kwa soksi. Kwenye karatasi ya makabidhiano nimeomba nafasi ya jina la pili. Shemeji alisaini pole pole kuliko anavyoweka kigae.

Walipotoka nje kuitazama dirishani, nikabaki kukusanya zana. Kalamu ya kuwekea alama ikanidondoka. Niliinama, nikaiokota, nikaitia sikioni, nikapiga hatua tatu, ndipo nikasimama kama Breki. Sikuwa nimejishika kiuno. Sikuwa nimevuta pumzi. Sikuwa nimefikiria kitu. Nikatazama huku na huku nione nani ameona. Hakuna. Miezi mitatu wamenitazama nikikunjwa na kunyooshwa kama kiti cha kukodi, na kwa hili hakuna hata mmoja.

Nikamwita shemeji. Akaja mlangoni, akavua viatu. Nikaiangusha ile kalamu makusudi, katikati ya nyota, nikaanza kuinama.

Akaja mbio, akateleza kwa soksi, mkono umenyooshwa. "Acha, shemeji, nakuokotea!"

"Iache!" nikapiga kelele, ukumbi mtupu ukaitikia. "Iache hapo hapo! Rudi mlangoni usimame, unitazame!"

0.